Nilimjibu Daktari, "Nyama Tu"

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu nikianza kueleza mvua, au jirani, au lile jiko, nitajikuta najitetea, na mimi kwa kujitetea sijambo. Mtoto wa dada yangu alikaribia kufa kwa mkono wangu. Na nilipoulizwa swali ambalo jibu lake lingemsaidia, nikadanganya.

Jina langu mnisitirie. Majina ya wengine nimeyabadilisha.

Mimi ni msichana, natengeneza simu Katoro, kwenye kibanda karibu na soko. Ufundi sikusomea popote. Nilijifunza kwa video na kwa kuua simu zangu mwenyewe. Niko makini mpaka inakuwa ugonjwa. Skrubu nazipanga kwa ukubwa. Simu ya mteja ikirudi mara ya pili, hata kama kaiangusha mwenyewe, usingizi unanipaa, nalala nikijiuliza nilikosea wapi.

Wakati huo nilikuwa na miezi michache tu Katoro, nimetokea Shinyanga mjini. Dada yangu Minza anaishi Kahama. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Akanipigia simu: "Jumapili nakuja nione unavyoishi. Nakuja na Limi wangu."

Limi ni binti yake wa kwanza. Alikuwa bado wa kunyonya, anaanza kukaa mwenyewe, akianguka anacheka.

Sasa dada ana neno lake. Ukimpikia anakula, anashukuru, halafu anasema, "Tamu, ila..." Ila chumvi. Ila wali umeshikana. Nimekua na hiyo "ila". Nikaapa: Jumapili hii haisemwi!

Nikaamua kuchoma mbavu za mbuzi. Wiki nzima nikirudi kazini ni video tu: mbuzi alazwe kwenye tangawizi, saumu na limau, mkaa uachwe mpaka uwe mweupe juu na mwekundu ndani, nyama isiguswe guswe. Niliweza kukuhesabia kila hatua nikiwa nimefumba macho. Tatizo likawa jiko. Langu ni la udongo, la sufuria moja. Mbavu nzima zisingeenea.

Tulikuwa tunapanga vyumba vya mstari mmoja vyenye baraza moja ndefu. Siku naingia, mama mwenye nyumba alinionyesha bomba, choo, mahali pa kuanika, kisha akasema, "Na kitu kingine, Fundi. Kuchoma hapa ni nje. Nje kabisa, kule uani, mbali na ukuta na mbali na nguo za watu. Barazani hapana, hata mvua ikinyesha."

"Sawa mama," nikamjibu. Moyoni nikasema huyu anaogopa rangi yake mpya isiingie masizi.

Kumbe sikusikia alichokuwa anasema! Hapa niwaeleze wasomaji wa mbali, maana ndipo kosa langu lilipoanzia. Huku kwetu kwenye dhahabu, mtu akisema "kuchoma" bila kutaja kitu, mara nyingi hazungumzii nyama. Wachimbaji wadogo wanachanganya mchanga wao na zebaki, zebaki inaikamata dhahabu, halafu ule mchanganyiko wanauweka kwenye moto. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki. Hiyo ndiyo kuchoma. Kila mtu anajua haitakiwi nyumbani, na kila mtu anamjua mtu anayeifanyia nyumbani.

Mimi nilikuwa mgeni. Kwangu kuchoma ilikuwa mishikaki.

Chumba cha mwisho alikaa Mama Kabula, mcheshi, hana baya na mtu. Mumewe anachimba dhahabu Rwamgasa, anakuja na kuondoka. Nyuma ya chumba chao nilikuwa nimeona jiko la rimu la gari, limechomelewa miguu mitatu, juu lina wavu. Jumamosi nikamfuata. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama Kabula, shikamoo."

"Marahaba, Fundi. Za simu?"

"Nzuri. Naomba uniazime lile jiko la nyuma, kesho tu."

Akasimamisha mkono kwenye ungo. "Lile la baba Kabula? Lile ni la kuchomea."

"Ndilo ninalolitaka. Nataka kuchoma."

Akanitazama, akaanza kutabasamu. "Ehe! Na wewe umeingia? Kimya kimya hivyo hivyo! Una kiasi gani?"

"Kidogo tu. Kilo mbili na nusu."

"Kilo mbili na nusu! Mayu wane, mama yangu!" Alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Basi nunua na nyumba hii kabisa, utusamehe kodi! Chukua, chukua. Usitusahau tu ukishatajirika."

Na mimi nikacheka. Nilidhani ananitania kwamba nitafungua biashara ya nyama choma. Nikalibeba rimu lake mpaka mlangoni kwangu nikiwa na furaha. Mungu wangu! Sentensi moja tu ingetosha. Nyama, Mama Kabula. Nyama ya mbuzi. Sikuisema, maana ya nini kueleza kitu ambacho kiko wazi?

Nikalisafisha. Na hapa ndipo panaponichoma zaidi, kwa sababu nililisafisha vizuri! Wavu niliusugua kwa msasa, nikaupaka limau na chumvi mpaka ukang'aa. Ndani ya rimu kulikuwa na majivu yaliyoshikamana. Nikaanza kuyakwangua kwa kijiti. Kwenye mshono wa chuma nikaona kipunje kinang'aa. Nikakigusa. Kikagawanyika, kikawa vipunje vitatu, vikakimbia kujificha chini ya majivu.

Nikajiambia: risasi. Ile ya kuchomelea, ninayoitumia kila siku kwenye simu. Nikafikiri aliyetengeneza jiko ameidondosha.

Jamani, risasi iliyopoa haikimbii! Risasi iliyopoa ni ngumu, inakaa pale ilipodondoka. Kama kuna mtu Katoro nzima aliyepaswa kulijua hilo ni mimi. Na nililijua. Kichwa kilisita kidogo, kikauliza, mbona imekimbia? Nikakinyamazisha, kwa sababu nyama ilikuwa inanisubiri niipake viungo. Yale majivu ya chini nikayaacha. Video zinasema majivu kidogo yanatunza joto.

Jumapili dada akafika na basi la Kahama, Limi mgongoni. Akazunguka chumba changu, akafungua mpaka sufuria. Akasema, "Pasafi." Peke yake, bila ila! Nilitamani kuruka.

Nikawasha moto uani, pale pale nilipoelekezwa. Mkaa ukashika, nyama ikapanda wavuni, harufu ikatoka. Halafu mbingu ikafunga. Mvua ya huku haibishi hodi. Nilishika rimu kwa matambara, mimi na dada tukaliburuta hadi barazani.

"Mama mwenye nyumba hajakataza?" dada akauliza. Kwa sababu nilikuwa nimemsimulia, kwa kumcheka.

"Anaogopa rangi. Na leo yuko kanisani mpaka jioni."

Upepo ukaanza kurusha maji kwenye nyama. Nikateremsha turubai lililokuwa limeviringishwa ukingoni mwa baraza, nikalifunga chini. Mvua ikabaki nje. Na moto ukabaki ndani, pamoja na sisi. Dada alikaa kwenye mkeka ananyonyesha, hatua chache kutoka kwenye jiko. Alisema moshi unauma macho. Nikamwambia huo ni mafuta tu, mkaa wenyewe umeshaiva, hauna madhara. Nilisema kama mwalimu! Nikashika kipepeo cha moto nikapepea chini ya rimu ili mbavu zishike rangi.

Nilipepea yale majivu. Nilipepea kwa nguvu.

Tukala. Dada alitafuna, nikawa namwangalia mdomo. Akasema, "Tamu." Nikasubiri. "Ila... sijui. Kama nimelamba sarafu."

Hata mimi niliisikia ile ladha ya chuma kwenye ulimi. Na mnajua nilifikiri nini? Limau! Nikafikiri nimezidisha limau. Nilikaa pale najilaumu kwa limau, mtoto amelala kwenye moshi ule.

Mvua ilipokatika nilifungua turubai. Jioni Limi akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kama mtu anayejaribu kutoa unywele kooni. Akakataa ziwa. Tulipomvua nguo tukaona kifua chake kinaingia ndani kila akivuta pumzi, ngozi inabonyea chini ya mbavu. Dada mwenyewe kichwa kilikuwa kinamgonga na kifua kimembana. Nikakimbilia barabarani kuita bodaboda.

Hospitali tulipokelewa haraka, sina la kuwalaumu. Wakauliza, tukasema tulichoma nyama barazani, mvua ilikuwa inanyesha, tukashusha turubai. Daktari, kijana mpole, akatikisa kichwa. "Mkaa unaua bila harufu. Hata ukiwa umeiva hauna moshi, ile hewa yake ipo. Jiko la mkaa ni la nje, mahali pa wazi. Baraza ukishaifunga ni chumba." Wakamwekea Limi oksijeni. Mimi nikatumwa nyumbani kuleta nguo za mtoto na khanga.

Getini nikakutana na Mama Kabula, aliyekuwa ameshinda sokoni, anafagia maji. Akanichangamkia.

"Fundi! Vipi, imetoka safi?"

"Nini?"

"Si mzigo wako. Umepata gramu ngapi?"

Nikasimama. Naona sura yangu ilimwambia kitu, maana tabasamu lake lilianza kushuka.

"Mama Kabula, mimi nilichoma nyama."

"Nyama ipi?"

"Nyama ya mbuzi. Kwenye jiko lako. Barazani. Mtoto wa dada yuko hospitali, hapumui vizuri."

Fagio likamdondoka. "Lile jiko la zebaki? Fundi! Si nilikwambia ni la kuchomea! Ukasema unataka kuchoma!" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Baba Kabula alichomea mara ya mwisho hata hakulikung'uta. Mlikula? Mtoto alikuwepo? Kimbia! Rudi ukawaambie! Kimbia!"

Nikakimbia. Kwenye bodaboda nilikuwa napanga maneno. Daktari, samahani, kuna jambo. Daktari, lile jiko lilikuwa la zebaki. Niliyarudia mpaka yakanyooka. Naapa nilikuwa nakwenda kusema.

Nikafika wodini. Dada amekaa pembeni ya kitanda, nesi anaandika. Na dada alikuwa anamwambia nesi, "Hapana, hawezi kuwa ameweka kitu kibaya. Mdogo wangu huyu ni makini kuliko mtu yeyote ninayemjua. Yaani kitu asichokiamini hakiingii ndani kwake."

Maisha yangu yote nimesubiri dada aseme hivyo. Akasema pale.

Daktari akaingia. Akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenyeji. "Dada, samahani, hapo mnapokaa kuna mtu anachoma? Nauliza kwa sababu ya mazingira yetu haya. Ninyi mlichoma nini?"

Alinifungulia mlango kabisa. Hakubakiza hata kufuli.

Nikasema, "Nyama tu."

"Nyama tu?"

"Nyama tu, daktari."

Akaandika. Akaondoka. Dada akanishika mkono, akaubana, kunifariji mimi!

Ule usiku siuelezi. Nilimhesabia Limi pumzi mpaka hesabu ikanipotea. Nilijiambia anapata oksijeni, jina la ugonjwa lina kazi gani? Nilijiambia akizidiwa nitasema. Mtu mwenye hofu ana akili sana akitafuta sababu ya kunyamaza.

Asubuhi Limi akaonekana ana nafuu. Wakamtoa oksijeni kumwangalia. Daktari akasema, "Kama ni hewa ya mkaa, akiendelea hivi mchana mtaruhusiwa." Dada akaanza kukunja khanga. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Akaniambia, "Turudi kwako tukalale kwanza. Kahama nitaenda kesho."

Kwangu. Jiko lilikuwa bado limekaa barazani mlangoni kwangu. Majivu niliyoyapeperusha yalikuwa kwenye mkeka, kwenye pazia, kwenye godoro ambalo mtoto angelazwa.

Limi akakohoa. Kile kile kikohozi kifupi. Na ngozi chini ya mbavu ikabonyea tena.

"Dada, tusirudi kwangu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Lile jiko lilikuwa la kuchomea dhahabu. Lilikuwa na zebaki."

Aliacha kukunja. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alitoka mbio kumwita daktari, na nikarudia mbele yake, mbele ya nesi, mbele ya mama wa kitanda cha jirani aliyeacha kunywa uji wake anisikilize. Daktari akaniambia nirudie polepole: jiko la nani, lilitumika lini, nani alikaa wapi, turubai lilifungwa muda gani. Akamrudishia Limi oksijeni kwa mkono wake, akaagiza gari la kuwapeleka hospitali kubwa, mtoto na mama wote wawili, kwa sababu mama naye alivuta na ananyonyesha.

Kisha akanigeukia. Alikuwa bado mpole, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Zebaki inaweza kukupa nafuu ya uongo halafu mapafu yakazidi kuharibika. Ungesema jana, wangekuwa huko tangu jana."

Wakati wanaingia kwenye gari nikataka kupanda. Dada akaweka mkono mlangoni.

"Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya tena. Si jambo la kujisifu, lakini sikudanganya. "Tangu niliporudi na nguo. Ulikuwa unamwambia nesi mimi ni makini."

"Baki," akasema. "Kaliondoe hilo jiko, watoto wa wenzako wanacheza pale." Akafunga mlango.

Siku zile za kusubiri simu sitaki kuzirudia. Limi alipelekwa, akatundikiwa maji, akapewa dawa, akazidiwa, akarudi. Yuko hai! Anatembea sasa. Lakini bado wanampeleka kliniki kuangaliwa, maana daktari hakuwaahidi kwamba yote yamekwisha, na kila mafua yakimpata dada halali. Mimi pia silali, huku niliko.

Mama mwenye nyumba alinipa muda mfupi nihame, na alikuwa na haki. Mimi na familia ya Mama Kabula, wote tuliondoka. Mkeka, godoro na pazia vilikwenda kutupwa. Mama Kabula nilimwomba radhi, naye akaniomba mimi, tukalia wote wawili getini kama wajinga. Baba Kabula alilibeba lile rimu akiwa amefunga kitambaa mdomoni, na nikajiuliza kwa nini hakukifunga miaka yote ile, na binti yake analala pale.

Sasa nawaambia ninyi mnaosoma, hasa ninyi wa vyumba vya kupanga. Kuchoma ni nje. Mwenye nyumba akikwambia nje, ni nje, mbali na ukuta, na mvua ikija, moto unaachwa nje unyeshewe, nyama mtakula siku nyingine. Usiamini mkaa kwa sababu umekuwa mwekundu na hauna moshi. Usishushe turubai. Na mtoto akae mbali na jiko, hata jiko zuri. Jiko la kuazima usilichukue kabla hujauliza, na uulize kwa maneno yote: lilikuwa linachomea nini? Na wewe useme unakwenda kuchoma nini. Huku kwetu usiache neno hilo likatembea peke yake!

Na ukiulizwa hospitali, sema. Hata kama aliye pembeni yako ametoka kukusifu sasa hivi. Sema akisikia!

Dada ananipigia siku hizi. Tunaongea vizuri, kuhusu Limi, kuhusu mvua. Wiki iliyopita nilijikaza nikamwuliza kama naweza kuja Kahama kumwona mtoto.

Nilisikia Limi kwa nyuma anagonga kitu, anacheka.

"Njoo," akasema. "Ila usipike."